Unga Ukiingia, Sindano Inaingia

Nianze na aibu, ili mkishacheka tuendelee. Mimi, matroni wa bweni la wasichana, mtu mzima mwenye wajukuu, niliwahi kuchukua insulini ya mtoto wa watu nikaigandisha. Sisemi niliipoza. Niliigandisha. Niliambiwa, "Hii dawa inataka baridi," nami nikapiga hesabu yangu nyepesi: kama baridi kidogo ni nzuri, basi baridi nyingi ni nzuri zaidi. Nikaipeleka kwenye friza ya mama mmoja jirani na shule aliyekuwa akiuza barafu za ubuyu. Asubuhi nikaikuta chupa imelala katikati ya zile barafu, ngumu kama wenzake, na mwenye friza ananiuliza kama na hiyo tuiuze bei moja na zingine.

Ikatupwa. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Bahati nzuri mtoto alikuwa na chupa nyingine, na bahati mbaya kliniki walitaka kujua hii ya kwanza imekwenda wapi. Nikasema. Kicheko nilichokisikia siku ile sijawahi kukisikia tena ndani ya jengo la hospitali.

Nimestaafu mwaka huu, na ninyi wadogo zangu mnaobaki na filimbi mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini. Mambo ya vyeo nayaacha, sikuwahi kuwa navyo. Mshahara nao nauacha, tusije tukalia. Kingine mnachopaswa kujua ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nyumba yangu iko Nkuhungu, na kazi hii niliichagua kwa kigezo kimoja tu: nikisimama kwenye ngazi za bweni, naliona paa langu. Matroni mwenzangu alikuwa analala bwenini, mimi jioni narudi kwangu, naweka miguu kwenye beseni. Watu walihamia Dodoma kutoka kila pembe ya nchi kutafuta maisha. Mimi yangu yalikuwa umbali wa kutembea, sikuona sababu ya kuyasumbua.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa funguo, filimbi na boksi la huduma ya kwanza lenye bandeji, vidonge vya kichwa, na mende mmoja aliyenitangulia kazini. Kwa miaka mingi hivyo vilitosha. Mtoto akiumwa kichwa, kidonge. Akiumwa tumbo siku ya mtihani, namwangalia tu machoni mpaka anapona.

Kisha akaja Zaituni.

Alikuja kuanza kidato cha kwanza, ameongozana na baba yake, Mzee Idi, mkulima na mfanyabiashara wa mbaazi kutoka milima ya Kondoa. Mzee alikuwa mrefu, mtaratibu, kofia imekaa sawasawa. Akaniambia, "Mama, mtoto wangu ana kisukari. Si kile cha wazee cha kuambiwa punguza soda. Mwili wake hautengenezi insulini hata tone. Kila anapotaka kula, lazima achome kwanza." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Kisha akanikabidhi kiboksi cha dawa, na baada ya hapo akanikabidhi dumu la asali. Nikalitazama dumu, nikamtazama yeye.

"Hiyo ni yako wewe," akasema haraka.

Zaituni mwenyewe alikuwa mwembamba na ana adabu ya kupita kiasi. Alitoa shikamoo kwangu, kwa mpishi, kwa mlinzi, na nina hakika nilimsikia akimwamkia paka wa jikoni. Lakini ukimtazama macho unaona mtu anayehesabu. Nilidhani anahesabu vitanda. Kumbe alikuwa anahesabu kila kitu.

Aliyenifundisha kazi upya ni Sista Perpetua, muuguzi wa kliniki ya kisukari, mama mfupi anayeongea kama anavyochoma sindano: haraka na bila kuomba radhi. Baada ya lile sakata la friza aliniita, akaniketisha na Zaituni mbele yake.

"Sikiliza, matroni. Kinachopandisha sukari ni wanga. Ugali, wali, viazi, mkate, makande. Maharage nayo yana wake kiasi. Mchicha usikusumbue. Kwa mtoto huyu, kila gramu kumi za wanga zinadai yuniti moja ya insulini. Nimesema kwa huyu. Nikisikia umemgawia jirani yako hesabu hii, nitakufuata hadi Nkuhungu."

"Sawa, Sista."

"Halafu kabla ya kula mnapima damu. Ikisoma saba, hakuna nyongeza. Ikizidi saba, kila tatu zilizozidi mnaongeza yuniti moja. Ikiwa chini ya nne, hakuna kuchoma, ni sukari kwanza. Umeelewa?"

"Sista, mimi hesabu nilipata F."

"Kusoma saa unajua?"

"Najua."

"Kunyamaza mtu akihesabu?"

"Hapo sina uhakika."

"Basi tutaanzia hapo," akasema, na Zaituni kwa mara ya kwanza akacheka, huku amefunika mdomo kwa adabu.

Tatizo la kwanza lilikuwa karatasi. Kliniki ilitupa karatasi yenye picha za vyakula na gramu zake za wanga. Palikuwa na kipande cha mkate, tufaha, na bakuli la kitu ambacho mpaka leo naamini ni chakula cha ndege. Ugali haukuwepo. Makande hayakuwepo. Nikaenda nayo jikoni kwa Chilongani, mpishi mkuu, Mgogo mwenye kifua kipana na mwiko mrefu kama mchi. "Mbukwa, matroni!" akanipokea, akaitazama ile karatasi, akauliza shule inayokula hivyo iko wilaya gani.

Tukafanya wenyewe. Tuliazima mizani dukani, tukachukua bakuli moja la plastiki la bluu, tukapima ugali. Lakini angalieni hapa, wadogo zangu: uzito wa ugali si uzito wa wanga, maana ugali umejaa maji. Ilibidi Sista Perpetua apige hesabu ya unga na maji ya Chilongani, akatuambia bakuli la bluu lililosawazishwa lina gramu sitini za wanga, na upawa mmoja wa maharage gramu ishirini. Ugali yuniti sita, maharage mbili, jumla nane. Hata mimi niliona mwanga. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyegundua ugali.

Wiki hiyo hiyo sukari ya Zaituni ikaanza kuruka. Kabla ya chakula saba, baadaye kumi na nane. Tukailaumu dawa. Tukakilaumu kipimo. Mimi binafsi niliulaumu upepo wa Dodoma, ambao huwa naulaumu kwa mambo mengi. Mpaka nilipoingia jikoni ghafla nikamkuta Chilongani ameliinamia lile bakuli la bluu, anashindilia ugali kwa kiganja, na juu anajenga kilima.

"Chilongani! Hiyo si ni lumbesa?"

"Mtoto mgonjwa, matroni. Nimpunje?"

"Tunamchoma dawa ya bakuli, wewe unampa gunia!"

Akausimamisha mwiko. Akafikiri. "Kwa hiyo huruma yangu ndiyo inampandisha sukari?"

"Mpaka darini."

Jamani, yule mtu alibadilika. Tangu siku hiyo alikata ugali wa Zaituni juu kwa kisu, kwa makini, anafumba jicho moja kama fundi seremala. Ugonjwa wa kusawazisha ukamwingia kabisa, hata walimu wakiomba kuongezwa anawaambia, "Hapa tunasawazisha." Kwa hiyo, ninyi mnaoanza: kabla hamjaitilia shaka dawa, mtilieni shaka mwenye huruma.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa, na nusura litupokonye mtoto.

Insulini aliyokuwa akitumia Zaituni huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, ili dawa na chakula vikutane njiani. Ratiba ukutani ilisema chakula cha mchana ni saa saba. Lakini kuni ndizo zilizokuwa zikiamua. Siku moja zililetwa kuni mbichi, jikoni moshi mtupu, sufuria imenuna. Sisi tulikuwa tumeshachoma, kwa sababu saa ilikuwa imesema. Saa saba ikapita. Zaituni akaanguka kwenye foleni, sahani tupu mkononi. Tulimkalisha, alikuwa bado anameza, tukamnywesha maji ya sukari, akarudi. Lakini habari ilifika Kondoa kabla sahani haijaokotwa.

Mzee Idi alikuja kesho yake. Ofisini kwa mkuu wa shule, mama mmoja mwenye miwani na ratiba, mzee alikaa wima, hakutaka hata maji.

"Mwalimu, sikuja kugombana," alisema. "Mimi mtoto wa kike ninaye huyu mmoja. Nitakuja siku ya mahafali ya kidato cha nne. Nikifika bila kusikia ameanguka tena, abaki asome. Akianguka tena, naondoka naye. Atalima na mama yake, atakuwa hai."

Ungemjibu nini? Zaituni alikuwa amesimama pembeni anatazama viatu vyake. Tulipotoka nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nikirudi sitarudi tena shule. Nitaolewa na mtu mwenye pikipiki."

"Unamjua?"

"Bado. Lakini yupo tu."

Nikamwambia tutapanga vizuri, tutamwomba mkuu chakula kiwe saa saba kamili kila siku. Zaituni akanitazama kwa heshima zote. "Samahani, mama. Kwani saa ndiyo inayopika?"

Akanielezea. Alikuwa ameketi nje ya jiko akaangalia. Kuni zikiwa kavu au mbichi, maji yachemke mapema au yachelewe, jambo moja halibadiliki: Chilongani akishaanza kutia unga kwenye maji yanayochemka, mpaka sahani ya kwanza itoke, ni kama nusu saa. Basi tusiitazame saa. Tutazame unga. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya ile sufuria miaka yote hiyo, na nilichogundua ni kwamba ina moto.

Tukampelekea Sista Perpetua wazo hilo, akalikubali, akatupa na sheria moja ya kwake: hachomwi mtu mpaka watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake na wapate jibu moja. Ndivyo tulivyoanza. Chilongani akitia unga anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Ungaaa!" Zaituni anaomba ruhusa darasani, tunakutana nyuma ya jiko, anapima damu. Kisha tunageuziana migongo, kila mtu na kijiti chake, tunaandika jibu kwenye vumbi. Tunageuka. Majibu yakifanana, unga umeingia na sindano inaingia. Yakitofautiana, tunafuta kwa kiatu tunaanza upya.

Mfano wa siku moja: damu inasoma kumi na tatu. Ugali sita, maharage mbili, hapo nane. Kumi na tatu kutoa saba ni sita, gawa kwa tatu ni mbili. Jumla kumi. Zaituni aliandika kumi kabla sijapata kijiti. Mimi siku hiyo niliandika themanini na mbili, maana nilisahau kugawa gramu. Tukageuka. Akaitazama namba yangu muda mrefu, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikaelewa kwamba ananipa pole. Nilifuta kwa viatu vyote viwili.

Lakini msinidharau sana. Kadiri muda ulivyokwenda nilianza kupatia, na siku niliyopatia hesabu ya makande kabla yake (makande ni balaa, mahindi na maharage yamekumbatiana hujui nani ni nani) nilikwenda kumtangazia mlinzi getini. Insulini tuliiweka kwenye mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini penye upepo. Ule upepo unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika ndio huohuo uliotupozea dawa. Baridi ya kiasi. Niliheshimu sana neno hilo, kiasi.

Zaituni hakuanguka tena. Muhula ukapita. Akaingia kikundi cha ngoma, akapendeza, na siku ya mahafali ikafika.

Sasa niwaambieni nilivyovaa, kwa sababu inahusika. Kila siku ya kazi nilikuwa na mfuko wenye glukosi ya unga, kwa ajili ya dharura. Lakini kwa mahafali nilishona gauni jipya la kitenge kwa fundi wa Kizota, na fundi akanishauri tusiweke mifuko, mifuko inaharibu umbo. Umbo gani, sikumuuliza. Nikaingia kwenye sherehe nimependeza, mikono mitupu, glukosi imebaki kabatini bwenini.

Mzee Idi alikuwa ameshafika. Alikaa mbele turubaini kwa wazazi, mkoba miguuni, kofia sawasawa.

Chakula siku hiyo kilikuwa pilau, kwa hiyo hakuna unga. Zaituni akasema tungoje tumwone mgeni rasmi kwa macho ndipo achome, kwa sababu mnajua desturi: hata kama mchele umeiva na watu wanazimia kwa harufu, hakuna sahani itakayotoka mpaka mgeni rasmi aketi, asalimie, ahutubie na akate keki. Kabla ya hapo mwenye njaa ameze mate. Basi mshereheshaji akachukua kipaza sauti: "Ndugu wazazi, mgeni wetu rasmi ameshaingia Kizota!" Kizota na sisi ni pua na mdomo. Tukaenda nyuma ya jiko, sahani ya pilau tumeshaipimia, damu iko sawa. Nane kwangu, nane kwake.

"Mama, tusubiri tumwone kwanza," akasema tena.

"Mwanangu, mtu akiwa Kizota ameshafika. Choma ukacheze."

Akachoma, kwa kunitii. Hilo ndilo kosa langu la siku ile, nalo nililifanya kwa ujasiri mkubwa.

Baadaye tulijua kwamba wakati mgeni anatangazwa yuko Kizota, alikuwa ndiyo kwanza anamaliza chai kwa shemeji yake kule Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Sisi Watanzania tukisema "niko njiani" tunamaanisha njia ipo.

Mshereheshaji akangoja. Kisha akasema, "Wakati mgeni wetu akiwa hapo Kizota, kikundi cha ngoma kitutumbuize!" Wakacheza. Mgeni hakuonekana. "Warudie, warudie, wametufurahisha!" Wakarudia. Mnaelewa? Dawa imeingia, chakula hakijaingia, na mtoto anaruka juu chini, na kuruka nako kunashusha sukari. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza kuu natabasamu kama picha, ndani nimeshaanza kuhesabu kwa vidole. Nikamtuma mwanafunzi bwenini alete glukosi. Ufunguo wa kabati? Kwenye mfuko wa gauni la kazi. Gauni la kazi? Nyumbani, kwenye kamba. Soda? Stoo, imefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda barabarani kumpokea mgeni.

Walipoanza kurudia mara ya tatu, Zaituni akatoka kwenye mstari katikati ya wimbo. Hakukimbia. Alikuja moja kwa moja kwangu mbele ya watu wote, jasho limemtoka juu ya mdomo, mikono inatetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa shikamoo.

"Mama, nimeshuka. Nataka ile keki."

Keki ilikuwa mezani hatua chache, ghorofa mbili, nyeupe, imeandikwa hongera, na kisu kimefungwa utepe mwekundu. Nikaitazama. Nikamtazama mkuu wa shule. Nikamtazama Mzee Idi, ambaye alikuwa ameanza kuinuka kwenye kiti.

"Mwanangu, vumilia kidogo, mgeni yuko…"

"Hayuko Kizota, mama. Nina dawa ya sahani nzima tumboni na sahani haijaja. Ukikataa kukata, nakata mwenyewe."

Nikashika kisu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mpiga muziki alikuwa kwenye kona yake hafuatilii habari za mtu. Alichoona ni kisu chenye utepe kimeinuliwa. Akajua mgeni amefika. Akaachia ule wimbo wa keki, sauti yote. Kina mama waliposikia wimbo wakapiga vigelegele. Nyuma turubaini watu wakasimama wakipiga makofi na kuulizana mgeni ni yupi. Mpiga picha akaja mbio, akapiga goti moja. Nami nimekata pande lenye sukari ile nyeupe ya juu, nene, namtia Zaituni mdomoni, mpiga picha ananiambia, "Mlishe tena, mama, utazame huku!" Mshereheshaji na kipaza sauti chake: "Naam, ndugu wazazi, sasa… naona… matroni wetu… anakata keki!" Na watu wakashangilia zaidi, kwa sababu njaa ilikuwa imefika mahali ambapo mtu yeyote mwenye kisu ni mgeni rasmi.

Zaituni alikula sukari ya juu yote ya upande mmoja, mpaka puani. Chilongani naye, Mungu ambariki, akaja akipita katikati ya wageni na kikombe cha chai yenye sukari mkono mmoja na sahani ya pilau mkono mwingine. Imesawazishwa. Alikuwa ameitoa bila kumwuliza mtu. (Kwa taarifa yenu, kinywaji chenye sukari ndicho cha kwanza, keki ni ya aliyebanwa. Na vaeni gauni lenye mifuko.)

Zaituni akakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akanywa chai. Mikono ikaanza kutulia. Na hapo ndipo Mzee Idi alipofika mbele. Muziki ukakatika. Nilijua amekuja kumchukua. Zaituni naye alijua, maana kikombe kilianza kutetemeka upya na safari hii haikuwa sukari.

"Umeanguka?" baba akauliza.

"Sijaanguka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umejuaje kama utaanguka?"

Zaituni akafuta pua. "Nilihesabu, baba. Nilichoma nane kwa ajili ya pilau, pilau haikuja. Na nikacheza. Midomo ikaanza kufa ganzi. Nilivyoona wimbo unarudiwa tena nikajua nikimaliza huu nitakuwa chini. Kitu cha sukari kilichokuwa karibu ni keki."

Mzee Idi akatazama keki yenye pengo. Akanitazama mimi na kisu changu na gauni langu lisilo na mifuko. Akarudi kukaa. Mgeni rasmi alifika baadaye akakuta watu wanakula, maana baada ya sahani ya Zaituni hakuna aliyeweza kulizuia jiko. Alikuwa muungwana, alikata kilichobaki akasema amechelewa mpaka keki imeanza kujikata yenyewe. Mkuu wa shule alicheka kwa meno tu. Mimi nilitazama chini nikitafuta shimo.

Jioni wazazi wakaanza kuondoka. Zaituni alikuwa ameshafunga sanduku, amekaa juu yake pale getini. Mzee Idi akaja, gari alilokodi linamngoja. Akasimama mbele ya sanduku.

"Rudisha hilo sanduku bwenini," akasema. "Gari limejaa."

Tuligeuka sote kulitazama gari. Ndani alikuwemo dereva na mkoba wa mzee. Viti vyote vitupu, unaviona kwa kioo. Zaituni akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Mtu akikwambia gari limejaa, limejaa. Mzee akampa mkono, akanipa na mimi mkono, akaondoka na viti vyake.

Nilirudi nyumbani nimelewa kwa furaha. Mama Tatu, jirani yangu tunayegawana ukuta, alikuwa nje anapepeta mchele. Sikungoja hata kuvua viatu. Nilimsimulia yote kwa vitendo: nilivyoona hatari, nilivyopasua umati, nilivyoinua kisu mbele ya meza kuu bila kuogopa cheo cha mtu, nilivyomwokoa mtoto na shule yake. Nadhani kisu kilikuwa kimeshakuwa panga nilipofika mwisho. Mama Tatu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akaweka ungo chini.

"Mama Neema," akasema, "mtoto kahesabu mwenyewe, kajitibu mwenyewe, kamshawishi baba yake mwenyewe, wewe ulishika kisu tu. Na hata kipande hukuniletea."